Mlinzi wa Kukodiwa: Historia ya Bonde la Semuliki na Swali la Leo

   

Mazungumzo ya leo ni ya historia. Tutazungumza mambo ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lakini tunayazungumza kwa sababu ya swali moja la leo. Katika miji midogo mingi ya upande wetu, swali hilo linarudi kila mara watu wanapokutana. Watu wanasema hivi: polisi ni wachache, hawana gari, mshahara wao unachelewa, na usiku hatuwaoni. Basi kwa nini tusichange pesa, kila nyumba kitu kidogo, tukawakodi watu wa kutulinda? Wengine wanasema tukodi kampuni. Wengine wanasema tuwape kazi hiyo vijana wetu wenyewe, tuwalipe. Na wengine wanasema tajiri fulani alipe, sisi tutamshukuru.

Swali hili si la kipumbavu. Mtu aliyekimbia nyumba yake ana haki ya kuliuliza. Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walishambulia Kamango, na katika siku chache watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka wakaingia Bundibugyo, upande wa Uganda. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, Kamango ilishambuliwa tena. Wengi walipokewa katika kambi ya Bubukwanga, wengine wakapelekwa mbali mpaka Kyangwali. Na tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyokuwa ikirudisha wakimbizi nyumbani ilizama katika Ziwa Albert, na watu zaidi ya 100 walikufa maji. Watu waliopita katika mambo hayo hawaulizi habari ya ulinzi kwa mchezo. Wanauliza kwa sababu wamezika.

Kwa hiyo leo hatutawaambia nyamazeni. Tutafanya kitu kingine. Tutatazama watu waliotangulia kukodi walinzi, hapa karibu na sisi, tuone mambo yao yaliishaje. Kisha ninyi wenyewe mtazungumza.

Kampuni iliyopewa nchi

Tuanze ng'ambo ya mto. Msishangae kwamba tunaanza upande unaoitwa Uganda leo. Wakati ule hapakuwa na mpaka. Mpaka huu unaofuata mto Lamia ulikubaliwa na wazungu huko Brussels mwaka 1910. Kabla ya hapo Watalinga na ndugu zao wa Bwamba walikuwa wakitembeleana bila karatasi, na chumvi ya Katwe ilibebwa kichwani kuvuka bonde na kupanda milima mpaka kwa mababu wa Wanande.

Mwaka 1888 malkia wa Uingereza alitoa hati kwa kampuni moja ya biashara. Jina lake kwa Kiswahili tungesema Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki. Mkubwa wake aliitwa William Mackinnon, mfanyabiashara wa meli. Hati ile iliipa kampuni ruhusa ya kutawala nchi, kutoza ushuru, kuwa na askari na kufanya mikataba na wafalme. Sikilizeni vizuri: serikali ya Uingereza haikutaka kutumia pesa yake. Ilitaka kazi ya serikali ifanywe na watu wa biashara, nao wapate faida yao.

Mtu wa kampuni aliyefika Uganda mwezi wa Desemba 1890 alikuwa kapteni Frederick Lugard. Mwaka 1891 alitoka Buganda kwenda magharibi. Akajenga boma pale Katwe, kwenye ziwa la chumvi, akaliita Fort George. Akamrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro, maana Kasagama alikuwa amefukuzwa na mfalme Kabalega wa Bunyoro. Mkataba ukafanywa, nchi ya Toro ikawekwa chini ya ulinzi wa kampuni. Kwa Kasagama ilikuwa siku ya furaha. Alikuwa mkimbizi, na sasa alikuwa na mlinzi.

Lakini kampuni ilikuwa imeahidi ulinzi bila kuwa na walinzi wa kutosha. Lugard alijua mahali pa kuwapata.

Askari wa Selim Bey

Huko Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert, katika nchi ambayo leo ni Ituri, walikuwa askari waliosahauliwa. Walikuwa Wasudani, askari wa serikali ya Misri, waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha. Vita vya Mahdi vilikuwa vimekata njia yao ya kurudi kaskazini. Mwaka 1889 Stanley alikuja kumchukua Emin, akapita naye katika bonde hili la Semuliki mwezi wa Mei, wakaenda pwani. Askari wengi walibaki nyuma pamoja na mkubwa wao, Selim Bey. Hakuna aliyewalipa tena. Hakuna aliyewapa amri. Lakini bunduki zao walikuwa nazo.

Mwezi wa Septemba 1891 Lugard alizunguka kaskazini ya Ruwenzori, akavuka Semuliki, akawafikia. Alikuta askari kiasi cha 600. Pamoja na wanawake, watoto, watumishi na watumwa waliowafuata, watu wote walikuwa kadiri ya 8,000. Lugard akawaomba waingie katika kazi ya kampuni. Selim Bey alijibu kama askari mwenye adabu: alisema yeye ni mtu wa mtawala wa Misri, hawezi kuacha bendera yake mpaka apate ruhusa. Wakapatana kwamba ruhusa itaombwa, na wakati wa kungoja watatumikia kampuni.

Msomaji, tazama namna ya mapatano hayo. Kampuni ya wafanyabiashara wa Uingereza inakodi askari wa Misri ili walinde ufalme wa Toro. Mwenye kulipa yuko ng'ambo ya bahari. Mwenye bunduki ana mkubwa mwingine moyoni mwake. Na mwananchi wa Toro, ambaye ndiye atakayelindwa, hakuulizwa neno lolote.

Wasudani wengi wakawekwa katika maboma yaliyopangwa kwenye mpaka wa Toro na Bunyoro, ili Kabalega asipite. Kabalega kweli alizuiwa. Hilo lazima tuliseme, maana ni kweli. Lakini kampuni haikuwa na nguo wala pesa za kuwalipa askari wale vizuri. Waliambiwa walime na kujitafutia. Askari mwenye bunduki na njaa, akiambiwa ajitafutie, anatafuta wapi? Alitafuta katika ghala la mtama la jirani, katika zizi lake la mbuzi, na katika nyumba yake. Wanawake na watoto walichukuliwa. Habari hizo si uvumi. Wakubwa wa Kiingereza waliokuja baadaye kukagua ndio walioziandika katika ripoti zao wenyewe.

Siku pesa ilipokwisha

Kampuni ilihesabu ikaona hasara. Kukaa Uganda kuliigharimu makumi ya maelfu ya pauni kila mwaka, na pembe za ndovu hazikutosha kulipa. Kabla mwaka 1891 haujaisha, Lugard akapata barua ya wakubwa wake: ondoka Uganda. Marafiki wa wamisionari huko Uingereza wakachanga pesa ili kampuni ikae mwaka mmoja zaidi. Halafu serikali ikaiongezea miezi michache, mpaka mwisho wa Machi 1893. Siku ya kwanza ya Aprili 1893 bendera ya kampuni ilishushwa Kampala. Mkataba ulikuwa umekwisha.

Na Toro je? Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Gerald Portal kuangalia mambo. Yeye alipoona mabaya ya Wasudani katika maboma ya mbali, akaamuru waondolewe. Wakaondolewa mwaka ule ule. Basi watu wa Toro waliumia mara mbili. Kwanza waliumizwa na walinzi walipokuwapo. Kisha, walinzi walipoondoka, watu wa Kabalega walirudi, na Kasagama akakimbilia milimani Ruwenzori. Yule mfalme aliyekuwa mkimbizi akawa mkimbizi tena, kwa sababu ya hesabu zilizofanywa London, katika ofisi ambayo yeye hakuijua.

Hadithi haikuishia hapo. Kampuni ilikwenda, lakini askari hawakwenda. Serikali iliwachukua Wasudani wale pamoja na desturi ile ile ya kuwalipa kidogo na kuchelewa. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wapagazi waliobeba mizigo. Mwezi wa Septemba 1897 baadhi yao wakaasi. Wakaua maofisa wao, wakashika boma la Lubwa karibu na Mto Nile, na vita vikaendelea mpaka mwaka uliofuata. Waliokufa wengi walikuwa raia na askari wa Kiafrika waliopelekwa kuwazima.

Hapo tunapata somo la kwanza la leo. Anayelipa mlinzi anaweza kuondoka. Pesa inaweza kuisha. Lakini bunduki inabaki, na mwenye bunduki anabaki na njaa yake.

Upande wa Kongo

Mtu asiseme hayo ni mambo ya Waingereza tu. Hapa Kongo, katika Leta ya mfalme Leopold, jambo hilo lilifanyika kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1892 kampuni ya ABIR ilipewa nchi kubwa katika mabonde ya Lopori na Maringa, huko Équateur. Ilipewa haki ya kukusanya mpira, na pamoja na hiyo ilipewa kazi ya polisi: kukamata watu na kuwafunga. Mawakala wake walilipwa nyongeza kwa kadiri ya mpira uliopatikana. Nao waliweka walinzi wenye bunduki katika kila kijiji. Watu waliwaita kapita, jina ambalo mpaka leo tunalitumia kwa msimamizi wa kazi. Kijiji kilipaswa kuwalisha.

Fikirini jambo hilo kidogo. Polisi anayelipwa kwa kadiri ya mpira hawezi kuwa polisi wa amani. Kazi yake ni mpira. Mwizi hamhusu. Yule asiyeleta mpira ndiye anayemhusu. Yaliyofuata dunia nzima inayajua: watu wengi waliuawa, wengine walikatwa mikono, na wanawake walifungwa ili waume wao waende msituni. Mwaka 1904 Leopold mwenyewe alilazimishwa kutuma tume ya mahakimu. Ripoti yao ilitoka mwaka 1905, nayo iliandika wazi mabaya ya walinzi hao. Mwaka 1908 nchi ikaondolewa mkononi mwa Leopold, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Lakini na sisi tuwe wa haki. Askari wa serikali pia, akiachwa bila chakula na mshahara, anageuka. Mwezi wa Februari 1897 askari wa Force Publique waliokuwa katika safari ya Dhanis kaskazini-mashariki waliasi, kwa uchovu, njaa na ukali wa wakubwa wao. Na wakati wa Zaïre wazee wanakumbuka. Mwezi wa Septemba 1991 askari walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea miji mingine. Mwezi wa Januari 1993 walipora tena, baada ya kulipwa noti za zaïre milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa. Askari wale hawakuwa wa kampuni. Walikuwa wa serikali, lakini serikali ilikuwa imewaacha wajitafutie, kama kampuni ilivyowaacha Wasudani wa Toro.

Kwa hiyo msitusikie vibaya. Hatusemi kwamba mtu wa serikali ni mwema na mtu wa kukodiwa ni mbaya. Tunasema kwamba mambo matatu yanafanya mlinzi awe mlinzi: analipwa na nani, anapokea amri kwa nani, na raia akiumizwa naye anaweza kumshtaki wapi.

Butembo na wafanyabiashara wake

Sasa tuje karibu zaidi, kwa wakati ambao wengi wenu mliuona kwa macho. Kuanzia mwaka 1999 mpaka serikali ya mpito ya mwaka 2003, Beni na Butembo zilikuwa chini ya RCD-ML, ambayo baadaye iliongozwa na Mbusa Nyamwisi. Jeshi lake liliitwa APC. Vita vilihitaji pesa, na pesa ya upande wetu ilikuwa kwa wafanyabiashara wa Butembo, wanaopitisha mali pale Kasindi.

Mapatano yakafanywa. Wafanyabiashara wakubwa walilipa ushuru mapema, kabla mali haijafika mpakani, nao wakapunguziwa. Watu waliuita utaratibu huo préfinancement. Utawala ukapata pesa ya askari, na wafanyabiashara wakapata njia ya mali yao na nguvu ya kusikilizwa. Butembo ikaendelea kujenga wakati miji mingi ya nchi ilikuwa ikibomoka. Hilo ni jambo la kweli, na watu wa Butembo wana sababu ya kujivunia. Walizoea zamani kujifanyia wenyewe: mwaka 1989 walikuwa wamepata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben.

Lakini tuulize swali la mkulima. Mama aliyebeba mihogo au kakao kichwani hakuwa katika mapatano yale. Yeye hakulipa mapema, wala hakupunguziwa. Yeye alilipa njiani, kwenye bariera, na alipoumizwa hakuwa na mtu wa kumwendea. Ulinzi ulifuata malori na bohari. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ubaya. Ni desturi ya ulinzi wa kulipiwa: unakwenda palipo na pesa. Nyumba ya mwisho wa kijiji, kandokando ya msitu, ndiyo inayohitaji ulinzi kuliko zote, nayo ndiyo isiyo na kitu cha kulipa.

Goma, Januari 2025

Kuna mfano mpya zaidi. Vita vya M23 viliporudi, serikali ya Kinshasa ilikodi watu wa nje, wengi wao Waromania, kuanzia mwisho wa mwaka 2022. Walisaidia kufundisha askari na kulinda Goma na Sake. Walilipwa vizuri kupita askari wetu, na askari wetu walijua hivyo. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, Waromania wale walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 29 Januari zaidi ya 280 kati yao walivushwa mpaka kuingia Rwanda, wakapelekwa kwao kwa ndege. Watu wa Goma hawakuwa na ndege. Wao walibaki na vita.

Hatuwacheki watu wale. Mtu aliyekuja kwa mkataba anaondoka kwa mkataba. Lakini mji unaoweka usalama wake katika mkataba lazima ujue kwamba siku mbaya ikija, mwenye mkataba ana kwao.

Mbona tunachangia shule?

Hapa najua mtu atasimama aseme: lakini sisi tunachangia kila kitu. Mwalimu wa watoto wetu tumemlipa wazazi wenyewe kwa miaka mingi. Barabara tunaitengeneza kwa salongo. Kliniki tunaijenga kwa matofali yetu. Kama tungengoja Leta, hatungekuwa na kitu. Basi kwa nini polisi peke yake asichangiwe?

Ni swali zuri, na jibu liko katika historia tuliyoisoma. Mwalimu asipolipwa, anafunga darasa na kwenda shambani. Tunapata hasara, lakini chaki yake haiwezi kutudhuru. Mlinzi mwenye bunduki asipolipwa hafungi bunduki yake. Na akilipwa na watu wachache, anajifunza kuwatumikia hao. Mwezi wa kwanza mchango ni wa hiari. Mwezi wa sita nyumba isiyolipa inaitwa adui. Mwaka wa pili kijana yule yule tuliyemkodi anasimamisha bariera, na sisi tunatafuta mtu wa kutulinda naye. Wengi wenu mmelipa pesa za namna hiyo njiani kwenda mashambani. Mnajua jinsi zinavyoanza.

Kuna kazi za ulinzi zinazoweza kulipiwa bila hatari kubwa. Mlinzi wa usiku wa bohari, wa shule, wa kituo cha afya, asiye na bunduki, mwenye tochi na filimbi, huyo mnaweza kumwajiri. Vijana wanaopeana zamu ya kukesha na kupiga kengele wanasaidia. Mama wanaopashana habari za mgeni wasiyemjua wanasaidia. Lakini kuna kazi tatu ambazo watu hawawezi kuziuza wala kuzinunua: kubeba bunduki, kukamata mtu, na kuadhibu. Hizo ni kazi za watu wote pamoja, chini ya sheria.

Na sheria yetu inasema hivyo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 182, inaipa polisi ya taifa kazi ya usalama wa watu na mali zao. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake, au mamigambo wake, au kuweka vijana wenye silaha, na kinaita jambo hilo uhaini mkubwa. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa asiwekwe na polisi zaidi ya masaa 48 bila kufikishwa kwa wakubwa wa mahakama. Mwaka 2023 sheria nyingine iliweka jeshi la akiba, na vijana wengi wanajiita wazalendo. Lakini sheria hiyo inaliweka jeshi la akiba chini ya jeshi la taifa. Kwa hiyo mtu akija kwenu na bunduki na kudai mchango, kiongozi ana haki ya kuuliza kwa upole: wewe uko chini ya kamanda gani, na jina lako limeandikwa wapi?

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchanga

Ninyi wakubwa wa mahali, siku mtu atakapoleta neno la kukodi walinzi, msimfukuze. Waiteni watu wote wakae, na waliohama pia wawepo, wanawake na vijana pia, kisha mpitie maswali haya mmoja baada ya mwingine.

La kwanza: pesa itatoka wapi mwezi wa kumi, si mwezi wa kwanza? Kampuni ya Mackinnon ilikuwa na pesa mwanzoni.

La pili: amri inatoka kwa nani? Kama mlinzi ana mkubwa mwingine mbali, kama Selim Bey, nani atamrudisha siku akikosa?

La tatu: nyumba isiyo na pesa italindwaje? Jamaa waliokimbia wamelala kando ya mji bila shamba na bila akiba. Kama wao hawamo katika ulinzi, huo si usalama wa mji. Ni usalama wa wenye nacho.

La nne: mtu akipigwa au kuporwa na mlinzi, atashtaki wapi, na nani atamsikiliza bila kuogopa?

La tano: mkataba ukiisha, silaha itakwenda wapi?

Kama maswali haya hayana majibu, mchango wenu ni afadhali uwekwe mahali pengine. Ofisi ya polisi isiyo na paa inaweza kuezekwa kwa salongo, na kazi hiyo ionekane na watu wote. Simu ya kupigia hatari inaweza kununuliwa na kuwekwa kwa watu wawili wanaoaminiwa. Kamati ya usalama ya mahali inaweza kukutana kila mwezi, polisi wakiwepo, na mambo yaandikwe katika daftari: nani alikamatwa, siku gani, akapelekwa wapi, alilipa nini na kwa sababu gani. Daftari ni kitu kidogo, lakini mtu anayejua kwamba jina lake linaandikwa hutembea kwa uangalifu. Na kamati ikiwa na daftari la miezi sita, inapokwenda Beni kudai polisi walipwe na waongezwe, haiendi na manung'uniko tu. Inakwenda na tarehe.

Najua wengine mtasema: hayo yote ni ya polepole, na msitu uko karibu usiku huu. Ni kweli. Hakuna neno katika mazungumzo haya litakalomzuia adui usiku wa leo. Kukesha kwa zamu, kupashana habari, kuondoka mapema pale habari mbaya inapothibitishwa, hayo ndiyo ya usiku wa leo. Lakini mji unaotaka kukaa miaka 20 bila kukimbia haujengwi kwa mambo ya usiku mmoja.

Ndugu wasomaji, mkiwa katika kikundi chenu cha wasikilizaji, zungumzeni haya mpaka wiki ijayo. Hapa kwetu, ni nani anayelipa wanaotulinda sasa hivi, kwa wazi na kwa siri? Ni nyumba zipi ambazo ulinzi hauzifikii? Na mtu akiumizwa na mwenye silaha, anakwenda kwa nani kwanza? Andikeni majibu yenu, mwachie kila mtu nafasi ya kusema, hata yule aliyefika jana.

Bakieni na amani.